Kabla Karani Hajalipa Kosa la Mashine

Oktoba 2015, mhudumu wa ofisi ya posta ya Dalmellington huko Scotland alikuwa akiingiza pauni 8,000 za fedha taslimu kwenye mfumo wa kompyuta uitwao Horizon. Alibonyeza kitufe cha kuthibitisha, skrini ikabaki vilevile. Akabonyeza tena, akarudia, akarudia. Kumbe kila alipobonyeza, mfumo uliandika. Kwa Horizon, fedha zile zilikuwa zimepokelewa mara nne, na hesabu za ofisi zikaonyesha upungufu wa pauni 24,000 ambazo hazikuwahi kuwapo duniani.

Kosa la Dalmellington liligunduliwa likasahihishwa. Lakini Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu, ulikuwa ukitumika tangu 1999, na kati ya mwaka huo na 2015 zaidi ya watu 900 waliokuwa wakiendesha ofisi ndogo za posta nchini Uingereza walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo huku tarakimu za mfumo huo zikiwa sehemu ya ushahidi. Wapo waliofungwa jela. Wapo waliofilisika wakilipa fedha ambazo hawakuzichukua. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa aina hiyo, na Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu kwa mkupuo.

Karani wa chama cha msingi cha wakulima (AMCOS) wa tumbaku kule Mlele, mkoani Katavi, amekaa kwenye kiti kilekile cha mhudumu wa posta. Mhasibu wa zahanati naye yupo hapo, pamoja na binti wa dirisha la SACCOS, chama cha akiba na mikopo, mjini Mpanda. Siku tarakimu za mfumo na fedha za kwenye kasha zikitofautiana, swali la kwanza litakuwa: fedha umepeleka wapi? Ni nadra mtu kuuliza nani aliandika programu, nani aliipitia, na ilijaribiwaje.

Mwongozo huu ni kwa vijana wanaoandika programu mkoani Katavi au kwa ajili ya Katavi, na kwa viongozi wa AMCOS, SACCOS, shule na maduka ya dawa wanaowapa kazi hiyo. Mifumo ya kompyuta imekwisha kuingia katika maisha ya kila siku: malipo ya serikali hupita kwa kontro namba za GePG, mfumo wa serikali wa malipo, tangu 2017, na vituo vya afya vya umma vimeletewa GoT-HoMIS, mfumo wa kuendesha hospitali. Chini ya mifumo hiyo mikubwa inaota mingine midogo, ya mtu mmoja na laptopu yake. Hiyo midogo ndiyo isiyo na idara ya ubora wala mkaguzi. Mwandishi wake asipoijaribu mwenyewe, itajaribiwa na mkulima siku ya malipo.

Pa kuanzia ni fedha. Tuseme unaandika mfumo wa kununua tumbaku. Bei za tumbaku nchini zimekuwa zikitajwa kwa dola kwa kilo, kila daraja na bei yake, na makato ya pembejeo hukokotolewa kabla mkulima hajaona chochote. Usiguse kompyuta kwanza. Chukua karatasi, kaa na karani mwenye uzoefu, mkokotoe pamoja: robota la kilo 63.4 kwa bei ya dola 2.15 ni dola 136.31, kwa kiwango cha mfano cha shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 340,775. Hesabu hiyo ikishakubaliwa na wote wawili, iandike kama jaribio la kwanza la mfumo wako: ukiipa programu kilo hizi na bei hii, irudishe jibu hili, na ikirudisha jingine kazi isimame. Katika Python watu hutumia pytest, katika PHP kuna PHPUnit, katika JavaScript kuna Jest. Zana yoyote itafaa. Kilicho muhimu ni kwamba jibu sahihi limetoka kwa mtu anayeijua kazi, halikutoka kwenye msimbo uleule unaojaribiwa.

Kisha nenda kwenye desimali, maana hapo ndipo senti zinapopotelea. Lugha nyingi za programu, zikiachiwa njia yao ya kawaida ya namba zenye nukta, zitakuambia 0.1 ukijumlisha 0.2 unapata 0.30000000000000004. Lipo jingine baya zaidi: ukimwomba Python akadirie 2.5 kuwa namba nzima atakujibu 2, wakati Math.round ya JavaScript itakujibu 3. Kama simu ya karani inatumia JavaScript na seva inatumia Python, mashine mbili za mfumo mmoja zinaweza kugombana mbele ya mkulima. Na swali la lini kukadiria si dogo. Marobota 40, kila moja kilo 41.5 kwa dola 1.87, ukikadiria kila robota kwanza yanakuja dola 3,104.40; ukijumlisha kwanza ndipo ukadirie, dola 3,104.20. Kwa kiwango kilekile cha mfano hiyo ni tofauti ya shilingi 500 kwa mkulima mmoja, na yuko mtu atakayeizidisha kwa wanachama wote na kuuliza imekwenda wapi. Hifadhi fedha kama senti nzima au kwa aina ya desimali kamili, amua kanuni moja ya kukadiria, iandike kwenye mkataba, ijaribu.

Andika pia majaribio ya majumuisho, yale yasiyojali mkulima ni nani wala robota ni lipi. Malipo ukijumlisha na makato lazima yawe sawa na thamani ya tumbaku iliyouzwa. Kilo za wakulima wote lazima zilingane na kilo za soko zima. Mwezi Machi 2013, Wakenya walipokuwa wakifuatilia matokeo ya uchaguzi mkuu yakimiminika kwenye skrini za Bomas of Kenya, kituo cha kujumlishia kura, kura zilizokataliwa zilipanda hadi kupita laki tatu, na tayari kulikuwa na mabishano ya kisheria kama zihesabiwe katika asilimia. Baadaye Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilieleza kwamba kasoro ya programu ilikuwa inazidisha kila kura iliyokataliwa kwa 8. Hesabu ya mwisho ilikuwa laki moja na elfu chache. Mfumo ulioagizwa kulinganisha idadi hiyo na fomu chache halisi za vituo, kabla ya siku yenyewe, ungeumbuka mapema mbele ya mafundi wachache badala ya taifa zima.

Baada ya fedha, watu. Hapa mwandishi wa programu aliyeko Dar es Salaam hupotea kirahisi, na wa Mpanda ana faida kubwa kama ataitumia. Katavi imejaa wafugaji na wakulima wa Kisukuma, na majina mengi ya Kisukuma yana ng' ndani yake. Alama ile ya ritifaa, ikiingia kwenye kanzidata kupitia msimbo uliounganisha ovyo maneno ya SQL, lugha ya kuamuru kanzidata, huvunja amri nzima. Na mlango uleule uliovunjwa na jina la mzee wa watu ndio mwizi wa mtandaoni huutumia kuingilia. Isitoshe, baadhi ya simu hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, hivyo mkulima aliyesajiliwa kwa simu moja hapatikani akitafutwa kwa nyingine. Jaribu zote mbili.

Katumba na Mishamo wanaishi watu wengi waliotoka Burundi mwaka 1972 na uzao wao, ambao sasa wengi ni raia wa Tanzania. Fomu inayodai majina matatu na tarehe kamili ya kuzaliwa itawakwamisha baadhi ya wazee, na karani atajaza chochote ili aendelee na foleni. Vivyo hivyo kwa mahali: Katavi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi 2012, kwa hiyo vyeti vya zamani vya mtu wa Mpanda vinasema Rukwa. Wilaya ya Tanganyika ni jina la juzijuzi kwenye orodha za wilaya, na Mpanda Ndogo haiko Mpanda mjini. Orodha ya kuchagua iliyonakiliwa kutoka mradi wa zamani itakuwa na mapengo hayo yote.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. JavaScript ikiichukua kama namba hupoteza usahihi baada ya tarakimu 16 hivi, na Excel hubakiza 15 tu, zinazobaki zinageuka sifuri. Watu wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kuishia na namba moja ndani ya faili ambayo kila mtu ofisini anaiamini. Ihifadhi kama maandishi, na namba ya simu pia, vinginevyo sifuri ya mbele itapotea. Ila usijaribu mfumo kwa taarifa za wagonjwa au wanachama halisi eti kwa kuwa zipo karibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na laptopu iliyosahaulika kwenye basi la Tabora ikiwa na majina ya waliopimwa katika kituo fulani ni madhara kwa watu, hata kama hakuna atakayeshtaki. Tunga majina yenye sura ya majina ya hapa: mafupi, marefu, yenye ritifaa, ya neno moja.

Saa nayo. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, saa tatu nyuma ya Tanzania. Mtoto aliyezaliwa zahanati ya Karema tarehe 1 Julai saa nane usiku, kwa seva bado ni tarehe 30 Juni saa tano usiku. Ripoti ikichukua tarehe ya seva bila kuigeuza, mtoto huyo amehamia mwezi mwingine na mwaka mwingine wa fedha. Jaribio moja la mistari mitano linatosha kuzuia hilo milele.

Sasa turudi kwenye kidole cha yule mhudumu wa Dalmellington, kwa sababu mtandao wa vijijini Katavi unatengeneza mazingira yake kila siku. Karani anabonyeza Tuma. Ombi linafika kwenye seva, seva inaandika, lakini jibu linapotea njiani. Simu inasema imeshindikana. Karani anafanya ambalo kila mtu mwenye akili timamu angefanya: anabonyeza tena. Dawa inajulikana. Simu yenyewe ipe kila muamala namba yake ya pekee kabla ya kutuma, na seva ikikutana na namba iliyokwisha kuandikwa irudishe jibu lilelile bila kuandika upya. Jaribio lake ni jepesi pia: tuma muamala uleule mara tatu, kisha hesabu safu kwenye kanzidata. Lazima iwe moja. Baada ya hapo fanya kwa mkono kile ambacho msimbo hauwezi kukiigiza vizuri, yaani zima data katikati ya kutuma, toa betri, acha simu iishiwe chaji, washa tena. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na kutumika Tanzania nzima, humruhusu mjazaji kuendelea kujaza mtandao ukikatika na kutuma baadaye. Tabia hiyo haikuja kwa bahati. Mtu alikaa akaijaribu.

Vijana wengi wanaoanza hupenda kuchukua mfumo uliokwisha kufanya kazi kwingine na kuubadilishia nembo. Si dhambi, lakini majaribio ya kule hayahamii huku. Roketi ya Ariane 5 ilipasuka tarehe 4 Juni 1996, sekunde 40 hivi tangu kuruka, kwa sababu ilirithi kipande cha programu ya Ariane 4. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, na hakuna aliyekijaribu kipande kile kwa njia halisi ya roketi mpya. Mfumo ulioandikwa kwa korosho za Mtwara, zenye madaraja machache na bei ya shilingi, ukiletwa Katavi kununua tumbaku yenye madaraja mengi na bei ya dola, uanze majaribio upya tangu mwanzo.

Majaribio, hata yawe mengi, hukamata yale tu ambayo mwandishi aliyafikiria. Yale asiyoyafikiria yanahitaji jicho la pili, na hii ndiyo kazi ya mapitio ya msimbo: mtu mwingine asome mabadiliko kabla hayajaingia kwenye mfumo unaotumika. Michael Fagan wa IBM aliliandikia jambo hili makala mwaka 1976, akipendekeza vikao rasmi vya kusoma programu mstari kwa mstari. Siku hizi husomwa kwenye GitHub au GitLab, bila kikao, lakini mazoea mawili ya msingi yamebaki. La kwanza ni udogo. Uchunguzi uliofanywa katika kampuni ya Cisco ulionyesha kwamba uwezo wa msomaji kuona kasoro unapungua akipewa zaidi ya mistari 200 hadi 400 kwa mkupuo, au akikaa zaidi ya saa moja na nusu. Anayeleta mistari 3,000 siku ya Ijumaa jioni anaomba saini, haombi kusomewa. La pili ni maelezo: kila badiliko lije na sentensi mbili tatu zinazosema linatatua nini na limejaribiwaje.

Jicho moja pekee nalo halitoshi kwa sehemu nyeti. Kasoro ya Heartbleed iliingia katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, mwishoni mwa 2011, baada ya kupitiwa na msomaji mmoja. Alichokosa kukiona ni kwamba msimbo haukukagua urefu uliotajwa na aliyetuma ombi. Dunia ilikaa na tundu hilo hadi Aprili 2014. Kwa hiyo msimbo unaogusa malipo, nywila au taarifa za wagonjwa usomwe na wawili, na mmoja wao aje na swali moja tu: aliyetuma akidanganya, itakuwaje?

Kwetu mapitio yana ugumu ambao vitabu vya Wamarekani haviusemi. Kijana wa miaka 22 aliyetoka chuoni hawezi kirahisi kumwambia kaka yake wa kazini, aliyemfundisha na kumtafutia nafasi, kwamba amekosea. Atasoma, ataona, ataandika "safi kaka". Kumwamuru awe jasiri hakusaidii sana. Kinachosaidia ni mwenye umri kutangulia kupeleka msimbo wake usomwe, na maoni yaandikwe kama maswali kuhusu mtumiaji: "Mkulima asiye na simu atapitaje hapa?" "Karani akibonyeza mara mbili?" Swali la namna hiyo halivunjii mtu heshima, na kaka akilijibu kwa kurekebisha bila kununa, mwezi ujao mdogo atauliza lingine kubwa zaidi. Msomaji mwenyewe asipoteze pumzi kwenye nafasi na mabano. Kuna programu za kupanga hayo.

Aliye peke yake Mpanda afanyeje? Atafute mwenza wa kubadilishana, hata awe Mbeya au Dodoma alikosoma naye. Asome msimbo wa mwenzake, naye asomewe wake. Bando likiwa tatizo, Git haikuhitaji mtandao tangu ilipoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005: historia yote iko kwenye laptopu, na amri ya git bundle huifunga iwe faili moja ya kubebwa kwa flashi. Majaribio nayo yapangwe yaweze kukimbia laptopu isiyo na mtandao kwa dakika chache, maana yakichukua saa nzima kwenye betri hakuna atakayeyaendesha. Na kila kasoro iliyoripotiwa na mtumiaji ianze kwa kuandikiwa jaribio linaloshindwa, ndipo irekebishwe. Hivyo haitarudi kimyakimya msimu ujao.

Kabla ya kuuwasha mfumo kwa watu wote, utoe nje. M-Pesa ilifanyiwa majaribio Kenya tangu Oktoba 2005, kwa wazo la kurejesha mikopo midogo. Watumiaji wa majaribio wakaanza kutumiana fedha kwa shughuli zao, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya tabia hiyo. Kwa AMCOS, kutoka nje maana yake ni soko moja zima la tumbaku linaloendeshwa kwa njia mbili, daftari na mfumo sambamba, kwa simu za bei nafuu ambazo makarani wanazo, juani, na mwandishi wa programu akiwa amekaa kimya pembeni anatazama vidole.

Viongozi wa chama wanaoagiza mfumo waweke haya kwenye mkataba, kwa Kiswahili cha kawaida. Hesabu za mfano zilizokubaliwa na karani zitaambatishwa, na mfumo hautapokelewa hadi uzipitishe zote mbele ya kamati. Kila badiliko litasomwa na mtu wa pili na jina lake litabaki kwenye kumbukumbu. Mfumo utatunza kila ombi lililoingia na saa yake, ili mbonyezo wa pili uonekane kama mbonyezo wa pili. Daftari halitaachwa hadi masoko mawili yapite bila tofauti. Na tofauti ikitokea kati ya mfumo na kasha, karani hatakatwa chochote hadi kumbukumbu hizo zisomwe na mtu ambaye hakuuandika mfumo.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho mafundi watakachotaka kukifuta wanapojadili bei. Kamati isikubali.